Siku Sita Nyuma ya Bango: Treviso, Rovereto, Milano

Ratiba hii ya kutazama mabango ya kale ya matangazo ya Italia imepangwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Soko la vitu vya kale la Naviglio Grande, Milano, hufanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, na makumbusho ya mabango ya Treviso hufungua zaidi mwishoni mwa juma. Kwa hiyo safari inaanza Ijumaa inayotangulia Jumapili hiyo. Ukianza Jumatatu utakutana na makufuli. Mkobani weka kioo cha kukuzia cha mara 10, utepe wa kupimia, tochi ndogo na penseli. Kalamu ya wino iache hotelini, kwa sababu kwenye vyumba vya kusomea nyaraka hairuhusiwi.

Siku ya 1, Ijumaa: Treviso

Kutoka Venezia hadi Treviso ni kama nusu saa kwa treni ya mkoa. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Konda akikuta haijagongwa unatozwa faini, hata kama nauli umelipa yote.

Makumbusho ya Taifa ya Mkusanyo wa Salce yamegawanyika sehemu mbili, San Gaetano na lililokuwa kanisa la Santa Margherita. Mwenye mkusanyo, Ferdinando Salce, alikuwa mhasibu wa hapa hapa mjini, aliyezaliwa 1877. Mwaka 1895, kabla hajatimiza miaka 20, aliona ukutani bango la taa za gesi, likamkaa moyoni. Inasimuliwa kwamba alimpa mbandika mabango lira moja, akapata nakala yake. Hakuacha tena. Alipofariki mwaka 1962 aliliachia taifa la Italia mabango karibu 25,000.

Bango lenyewe ni la Giovanni Mataloni, lilichorwa kwa kampuni ya Roma iliyouza taa za mfumo wa Auer. Wengi hulihesabu kuwa ndilo lililofungua enzi ya bango la kisasa Italia. Yupo mwanamke aliyejifunika kitambaa chepesi, maua ya alizeti, na taa inayowaka. Msomaji wa pwani au bara anaijua taa hiyo kuliko anavyodhani: kile kisoksi cha wavu kinachogeuka majivu meupe na kung'aa ndani ya karabai ni uvumbuzi wa huyo huyo Auer, mkemia wa Austria.

Usije Treviso ukitegemea kulikuta bango fulani ukutani. Karatasi haivumilii mwanga. Kiwango kinachozingatiwa na makumbusho ni karibu lux 50, giza giza kidogo, na baada ya miezi michache mabango hurudi ghalani mengine yakatolewa. Chagua unachotaka kwenye katalogi ya mtandaoni ya makumbusho kabla ya kusafiri, kisha chukulia kinachoonyeshwa kama bahati yako.

Kinachostahili muda hapa ni kukaribia karatasi. Mabango mengi ya kati ya 1895 na miaka ya 1930 ni ya lithografia, yaani yamechapwa kwa jiwe. Jiwe ni la chokaa, lile bora likitoka Solnhofen, Bavaria. Kwa bango la sentimita 70 kwa 100, jiwe lenye unene wa sentimita 10 lina uzito wa karibu kilo 180, nalo hutumika kwa rangi moja tu. Bango la rangi nane lina mawe manane.

Kwanza jiwe husuguliwa kwa mchanga na maji hadi mchoro wa zamani ufutike na uso ubaki na chembe ndogo ndogo. Mchoraji huchora kwa krayoni au wino wenye mafuta, kinyumenyume, kama kwenye kioo. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na matone ya asidi ya nitriki: penye mafuta pabaki na mafuta, na penye uwazi pashike maji. Mchoro huoshwa kwa tapentaini, jiwe hulowanishwa, rola ya wino hupita. Wino unakataa palipolowa na kushika palipochorwa. Karatasi inalazwa, jiwe linapita chini ya mashine, rangi moja imekwisha. Kwa kawaida rangi nyepesi kama njano hutangulia na nyeusi hufuata mwisho.

Makosa yake yanaonekana hadi leo. Asidi ikizidi, vivuli laini huliwa na mashavu ya mwanamke hutoka na mabaka. Maji yakipungua, wino hushika hata penye weupe na mandhari yote huwa kama imepakwa masizi. Mtu akiweka kidole kwenye jiwe kabla ya gundi, mafuta ya kidole nayo yanachapwa. Na karatasi yenyewe hunywa unyevu ikatanuka: kati ya rangi ya kwanza na ya tano inaweza kukua milimita moja au mbili, midomo ikatoka nje ya uso. Ndiyo maana pembezoni kuna vialama vya msalaba vya kupanganisha rangi. Tafuta bango ambalo ukingo wake haujakatwa, uviangalie: msalaba mmoja safi maana yake fundi alikuwa makini siku hiyo, misalaba iliyopishana, ya bluu huku na nyekundu kule, karatasi ilimponyoka.

Fundi huyo jina lake halipo. Mchoraji alileta mchoro mdogo wa rangi, mafundi wa mawe wakaukuza, wakaamua rangi zitagawanywaje, na saini iliyochapwa pembeni ikabaki ya mchoraji. Mwenye kupenda mabango haya alikumbuke hilo kila anaposoma saini.

Siku ya 2, Jumamosi: Rovereto

Treni: Treviso, Venezia Mestre, Verona, halafu kaskazini kwa reli ya Brennero. Asubuhi yote inaishia humo. Ondoka mapema, kwa sababu kuunganisha treni Verona ndiko watu wanakochelewa.

Fortunato Depero aliishi na kufanya kazi Rovereto, na nyumba aliyoipanga mwenyewe kuwa makumbusho ya kazi zake ilifunguliwa 1959, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ipo kwenye vichochoro vya mji wa kale, chini ya usimamizi wa MART, jumba kubwa la sanaa lililobuniwa na msanifu majengo Mario Botta. Nenda kwanza kwenye nyumba, MART baadaye.

Depero alikuwa wa kundi la Wafuturisti, wasanii wa Italia waliotukuza mashine na kasi, na tofauti na wasanii walioona haya kuchora tangazo, yeye alilitangaza jambo hilo hadharani: aliandika kwamba sanaa ya siku zijazo itakuwa na nguvu ya matangazo. Mwaka 1926 alipeleka Biennale ya Venezia, maonyesho makubwa ya sanaa, mchoro wa kuitangaza Campari, kinywaji kichungu cha Milano, ukaning'inizwa miongoni mwa michoro ya sanaa. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kazi zake kilichofungwa kwa bolti mbili kubwa za alumini badala ya uzi. Ukikiona kwenye kabati la kioo, tazama nati zake. Kurasa zinaweza kutolewa na kupangwa upya, lakini kitabu hakiwezi kusimama rafuni kati ya vingine bila kuvikwaruza. Alikusudia iwe hivyo.

Sehemu kubwa ya kazi aliyowafanyia Campari ni nyeusi na nyeupe, ya wino wa china, kwa ajili ya magazeti. Hapa kuna somo la ufundi. Karatasi ya gazeti ni chafu na yenye manyoya, hunywa wino, na mstari mwembamba hujaa au hukatika. Depero hakuhangaika nao. Alitumia pande bapa, pembe kali, herufi nene kama matofali, na vivuli vya mistari sambamba yenye nafasi ya kutosha kati yake. Gazeti baya kabisa lingeweza kulichapa tangazo lake bila kuliharibu. Ghorofani kuna pia vitambaa vikubwa vya ukutani, vipande vya sufu za rangi vilivyokatwa na kushonwa pamoja katika karakana aliyoiendesha na mkewe, Rosetta. Ukivitazama baada ya matangazo unaona mkono ni ule ule: mkasi ndio unaochora.

Siku ya 3, Jumapili: Milano, kando ya mfereji

Shuka Porta Genova kwa metro ya kijani, tembea hadi Naviglio Grande. Meza zinapangwa pande zote za mfereji. Fika kabla ya saa 4 asubuhi. Baadaye huwezi kutandaza bango popote kwa msongamano.

Karatasi nyingi zinazouzwa kama "bango la zamani" ni nakala za juzi. Kioo cha kukuzia kinamaliza ubishi katika sekunde kumi. Kiweke mahali penye rangi nyepesi, shavu au anga. Ukiona vidoti vilivyojipanga kwa mistari, vikitengeneza vijiduara kama maua, hiyo ni ofseti, uchapaji wa mashine unaotumia picha iliyopigwa ya bango. Ukiona chembe zisizo na mpango, kama chumvi iliyomwagika, au matone ya wino ya ukubwa tofauti yaliyorushwa kwa brashi, hapo kuna jiwe, au bati la zinki lililotumika mahali pa jiwe. Angalizo: baada ya Vita vya Pili, mabango halali yalichapwa kwa ofseti, kwa hiyo vidoti kwenye bango la 1960 si kosa. Kwenye bango linalodaiwa kuwa la 1910 ni uongo.

Pima. Karatasi ya kawaida ya Italia ni sentimita 70 kwa 100. Mbili pamoja ni 100 kwa 140, nne ni 140 kwa 200. Bango la kale lililokatwa ukingo linaweza kupungua sentimita moja au mbili, lakini "Campari ya 1921" yenye ukubwa wa 50 kwa 70 haikuwahi kubandikwa ukutani. Hayo makubwa yalichapwa kwa karatasi kadhaa, na mbandikaji alizilaza ya juu juu ya ya chini, kama vigae vya paa, ili mvua iteleze isipenye. Ndiyo sababu kwenye bango lililounganishwa unaona mstari ambapo rangi zinajirudia kidogo.

Halafu soma maandishi madogo ya chini. Jina la mchapaji ni ushahidi kuliko saini: Ricordi wa Milano, Chappuis wa Bologna, Devambez wa Paris kwa mabango ya mchoraji Leonetto Cappiello. Ukikuta namba za Kirumi baada ya neno *Anno*, huo ni mwaka wa utawala wa kifashisti, unaoanza Oktoba 28: Anno X ni kuanzia Oktoba 1931 hadi Oktoba 1932. Stempu ya kodi iliyobandikwa juu ya picha, yenye muhuri, inamaanisha bango lilipita ofisini na kulipiwa ili libandikwe. Wanunuzi wageni huibandua wakidhani ni uchafu. Wameondoa cheti cha kuzaliwa.

Mikunjo haina neno. Mabango yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Cha kuogopa ni mgongo. Geuza bango. Kitambaa kilichobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano, katikati kukiwa na karatasi ya Kijapani, ni kazi ya fundi, na siku moja inaweza kubanduliwa kwa maji. Mgongo unaong'aa kama plastiki, au ubao mgumu uliobandikwa kwa joto, hautoki tena bila kuichana karatasi. Karatasi ya mbao iliyo na asidi itaendelea kuoza ndani humo na hakuna wa kuifikia. Usilinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Mezani utakutana pia na mchoraji Gino Boccasile, mzaliwa wa Bari, mkono hodari mno wa kuchora wasichana wa majarida na manukato. Mkono huo huo ulichora propaganda za ufashisti. Bango lake la 1944 linamwonyesha askari mweusi wa Marekani akiwa amekumbatia sanamu ya Venus iliyoandikwa bei ya dola 2. Wauzaji wengine hulionyesha kwa fahari, kama kitu adimu. Ni adimu, na ni chuki iliyochorwa vizuri. Msomaji Mwafrika ana haki ya kuipita meza hiyo bila kuulizia bei.

Siku ya 4, Jumatatu: barabarani

Jumba la Brera, utakakokwenda kesho, limefungwa. Tembea. Kwenye kona ya Galleria Vittorio Emanuele, njia ya maduka iliyoezekwa, kuelekea kanisa kuu, kuna baa ya Camparino, iliyofunguliwa 1915. Hatua chache kando yake ni duka la La Rinascente, jina lililobuniwa na mshairi Gabriele D'Annunzio mwaka 1917. Mchoraji Marcello Dudovich alilichorea mabango kuanzia 1921 hadi miaka ya 1950. Kuta za mitaa ya pembeni bado zina maandishi *Vietata l'affissione*, marufuku kubandika. Simama upande wa pili wa barabara, mita 15 hivi, na ujaribu kusoma tangazo lolote la leo tramu ikipita. Cappiello na wenzake walichora kwa ajili ya umbali huo na sekunde hizo.

Siku ya 5, Jumanne: Brera

Via Brera 28 ni jumba moja lenye mambo mawili. Juu, Pinacoteca, makumbusho ya michoro, na humo humo jumbani, ndani ya maktaba ya taifa ya Braidense, Hifadhi ya Kihistoria ya Ricordi. Pinacoteca unanunua tiketi tu. Ricordi ni kwa miadi iliyoombwa kwa maandishi, ukitaja jina la mchoraji, jina la kazi na sababu. Ombi la "kuona mabango ya zamani" halimsaidii mtunza nyaraka; ombi la "mabango ya Hohenstein kwa *Tosca*", opera ya Puccini, linamsaidia.

Ricordi, iliyoanzishwa 1808, ilikuwa kampuni ya kuchapa muziki. Opera zilihitaji mabango, mashine zilikuwepo, na kazi ya nje ikafuata: vinywaji, kofia, nguo, maonyesho. Adolf Hohenstein, mzaliwa wa St. Petersburg, ndiye aliyeongoza upande wa michoro tangu 1889. Bango lake la *Tosca* la 1899 halionyeshi mwimbaji akiimba. Linaonyesha mwanamke akiweka msalaba juu ya maiti ya mwanamume ambaye yeye mwenyewe amemuua. Chini yake walikuja vijana wawili wa Trieste, Leopoldo Metlicovitz na Marcello Dudovich, wote wakiwa wameanzia kwenye mawe kama mafundi. Hapo ndipo nguvu yao ilipo. Aliyechora kwenye jiwe kwa mkono wake anajua kwamba kila rangi ya ziada ni jiwe la ziada, siku ya ziada na nafasi nyingine ya kukosea, kwa hiyo anajifunza kuiacha.

Tazama tofauti. Bango la Metlicovitz la maonyesho ya Milano ya 1906, yaliyosherehekea njia ya chini ya mlima ya Sempione yenye karibu kilomita 20, limejaa: Mercury, mungu wa biashara wa Warumi wa kale, yuko mbele ya treni na mwenzake anayewakilisha sayansi, wanatoka gizani, kwa mbali unaonekana mji. Miaka mitano baadaye Dudovich anaombwa tangazo la kofia za Borsalino, chapa ya Zenit. Anachora kiti, kofia, glavu na bakora, kwenye njano. Mwenye kofia hayumo. Ameketi wapi, ameingia kwa nani, kwa nini kaacha glavu: mpita njia ndiye anayejaza, na akijaza ameshalikumbuka bango. Kwa jiwe, ile njano bapa ndiyo ngumu kuliko zote, maana doa lolote la maji linaonekana, wakati kwenye mandhari yenye miti lingejificha.

Kabla ya kutoka, panda Pinacoteca uone *Busu* la Francesco Hayez la 1859. Federico Seneca alilichukua pozi hilo mwaka 1922 kwa chokoleti za Baci za Perugina, akafuta nguo, nyuso na ngazi, akabakiza vivuli viwili dhidi ya bluu ya usiku. Simama mbele ya mchoro ukumbuke bango. Kanzu ya hariri ya bluu, ambayo Hayez aliichora mkunjo kwa mkunjo, Seneca hakuihitaji hata kidogo.

Siku ya 6, Jumatano: Sesto San Giovanni

Metro nyekundu, M1, hadi mwisho wa njia, Sesto 1º Maggio. Galleria Campari, makumbusho ya kampuni hiyo, ipo karibu na stesheni, viale Gramsci 161, ndani ya jengo la kiwanda cha 1904. Kuingia ni kwa kundi na kwa kuweka nafasi mapema. Ukifika tu mlangoni utarudi na treni uliyokuja nayo.

Njia hiyo ya M1 yenyewe ni sehemu ya historia hii. Ilifunguliwa Novemba 1964, na Campari wakamwomba Bruno Munari bango la stesheni. Tatizo lilikuwa treni: msomaji anapita, haoni bango zima. Munari alikusanya namna mbalimbali ambazo jina Campari lilikuwa limeandikwa, akazikata na kuzitawanya juu ya nyekundu, kubwa, ndogo, nusu. Dirisha lako likisimama popote, unapata kipande kinachotosha kusema jina.

Galleria ina bango la Leonetto Cappiello la 1921, na hili usilipite haraka. Cappiello alizaliwa Livorno lakini alijijenga Paris, ambako tangu bango la chokoleti za Klaus la 1903, mwanamke wa gauni la kijani juu ya farasi mwekundu kwenye weusi, alikuwa amegundua kwamba bidhaa haihitaji kueleweka, inahitaji kiumbe wa kuibeba. Kwa Campari alichora kijitu chekundu kinachochekelea, kimeshika chupa, mwili umezungushiwa ganda la chungwa lililomenywa kwa mkato mmoja. Fuata ganda kwa macho. Linazunguka mwili, linatuvusha kutoka mguuni hadi kwenye chupa, na rangi yake ya machungwa, pamoja na wekundu wa kijitu, ndiyo inayopasua giza la nyuma. Hakuna glasi, hakuna meza wala mnywaji. Ladha ya uchungu na chungwa imesemwa bila neno.

Vyumba vinavyofuata vina Marcello Nizzoli wa miaka ya 1920, anayekwenda kinyume: anarudisha meza, chupa na siphoni ya soda, lakini kwa mwanga kama wa jukwaani. Wapo wanaomweka chini ya Cappiello. Si haki, Nizzoli anapaswa kutazamwa kutoka mbali, na chumba ni kidogo.

Mwisho wa ziara ni kichupa cha Campari Soda, umbo la pia lililopinduliwa, ambalo Depero alilichora na likaingia sokoni 1932. Kimejazwa kinywaji tayari, kipimo cha mtu mmoja. Hakina karatasi: jina limechomoza kwenye kioo chenyewe, na ukipitisha kidole gumba unalisoma hata gizani.